Albert Schweitzer: Mpiga Kinanda Kati ya Strasbourg na Lambaréné

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiafrika aghalabu hukutana na jina la Albert Schweitzer mahali asipopatarajia: ndani ya mhadhara ambao Chinua Achebe aliutoa mwaka wa 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, akiihakiki riwaya ya Joseph Conrad kuhusu Kongo. Achebe anamtaja kwa ufupi kama mfano wa Mzungu mwema aliyekubali kwamba Mwafrika ni nduguye, ila akashikilia kuwa ni ndugu mdogo. Basi msomaji hubaki na picha ya daktari mwenye masharubu mazito na kofia ya jua, akisimamia hospitali yake msituni nchini Gabon.

Picha hiyo si ya uongo, lakini ina pengo. Kabla ya kuwa daktari, na kwa miongo mingi baada ya kuupata udaktari huo, Schweitzer alikuwa mpiga kinanda aliyealikwa Paris, Barcelona, London, Stockholm na Prague. Hospitali iliyompa sifa duniani ilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya mapato ya vidole na miguu yake. Makala haya yanamfuata Schweitzer huyo wa kinanda. Tumeona inafaa kumleta katika jarida la Kiswahili kwa sababu ugunduzi wake mkubwa katika muziki ulihusu lugha, na upungufu wake mkubwa barani Afrika, kwa maoni yetu, ulihusu lugha vilevile.

Kinanda tunachokizungumzia hapa si kile kidogo cha kubebwa begani ambacho wanakwaya wetu wamekizoea. Ni chombo kinachojengwa pamoja na kanisa au ukumbi, chenye mamia au maelfu ya mabomba ya madini na mbao. Upepo husukumwa na mivukuto hadi kwenye mabomba hayo, na kila bomba hutoa sauti moja tu. Mpigaji huketi mbele ya safu mbili, tatu au hata tano za vibonyezo vya mikono, huku miguu yake ikicheza juu ya vikanyagio vya mbao vyenye noti zake vyenyewe. Pembeni kuna vishikio vya kuchagulia ni mabomba gani yaitike. Hakuna vinanda viwili vinavyofanana. Mpiga fidla husafiri na fidla yake. Mpiga kinanda huwasili katika mji mgeni akiwa mikono mitupu, akalazimika kujifunza tabia za chombo asichokijua kabla watu hawajaingia.

Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari mwaka wa 1875 huko Kaysersberg, katika jimbo la Alsace. Jimbo hili lilikuwa limetwaliwa na Ujerumani kutoka kwa Ufaransa miaka minne tu awali, na mikasa ya mpaka huo ingemwandama maisha yake yote. Mwaka uo huo familia ilihamia Günsbach, kijiji kilicho katika bonde la Munster, ambako babake, Louis Schweitzer, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Nyumbani walizungumza lahaja ya Kijerumani cha Alsace. Barua za kifamilia ziliandikwa kwa Kifaransa. Babu yake wa upande wa mama, Mchungaji Schillinger wa Mühlbach, alikuwa mtu aliyependa vinanda kupindukia, na ndiye aliyeiachia familia piano kuukuu ambayo mtoto alianza kufundishwa na babake akiwa na miaka mitano. Alipofika miaka minane aliruhusiwa kugusa kinanda cha kanisa, ingawa miguu yake ilikuwa haijafika vizuri kwenye vikanyagio. Mwaka uliofuata alimshikia nafasi mpiga kinanda wa kijiji katika ibada. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, wasemavyo wahenga. Huyu alifanya yote mawili mapema.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa nyoofu. Mwaka wa 1885 alipelekwa Mulhouse kusoma, akiishi kwa ami ya babake na mkewe, watu wenye nidhamu kali. Hapo alikabidhiwa kwa Eugène Münch, kijana aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Stefano. Münch alikaribia kumkatia tamaa. Mwanafunzi alicheza kana kwamba ni mti uliokauka, bila hisia, na sababu yake ilikuwa ya ajabu: aliona haya kumfunulia mwalimu yaliyokuwa moyoni mwake. Mwalimu alipomkemea kwamba hana hisia zozote, kijana alikwenda akajifungia wiki nzima na kipande kifupi cha Mendelssohn, kimojawapo cha zile nyimbo zisizo na maneno, na somo lililofuata akakicheza jinsi alivyokisikia ndani yake. Münch hakusema mengi. Alimshika bega, akaketi yeye mwenyewe kwenye piano na kumchezea kipande kingine, kisha akamtwika kazi za Beethoven. Baada ya muda akamfungulia mlango wa Johann Sebastian Bach, na alipokuwa na miaka kumi na sita Schweitzer alikuwa tayari akimshikia mwalimu wake zamu kanisani. Münch alifariki kwa homa ya matumbo mwaka wa 1898, akiwa bado kijana. Kijitabu ambacho Schweitzer aliandika kumkumbuka ndicho maandishi yake ya kwanza kuchapishwa, nacho kilikuwa kwa Kifaransa.

Oktoba mwaka wa 1893, kabla ya kuanza masomo ya theolojia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, alikwenda Paris akiwa na barua ya kumtambulisha kwa Charles-Marie Widor, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice. Kinanda cha kanisa hilo, kilichokamilishwa na fundi Aristide Cavaillé-Coll mwaka wa 1862, kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Ulaya, na Widor kwa kawaida hakuwafundisha watu wasiokuwa wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha Paris. Alimsikiliza mgeni huyo akipiga Bach, akamkubali. Kwa miaka mingi iliyofuata, kila Schweitzer alipopata nauli, alirudi Paris kuketi kando ya Widor. Huko Strasbourg nako alimpata Ernst Münch, nduguye Eugène, aliyeendesha kwaya ya Bach katika kanisa la Mtakatifu Wilhelm. Huyu alimpa kazi ya kuisindikiza kwaya kwa kinanda. Hivyo alipata malezi mawili: ya Kifaransa yenye ufundi safi wa vidole na miguu, na ya Kijerumani yaliyomweka katikati ya waimbaji na matini yao.

Malezi hayo mawili ndiyo yaliyozaa tukio ambalo kwetu wanafunzi wa lugha lina uzito wa pekee. Mwaka wa 1899 Widor alimwambia Schweitzer kwamba baadhi ya kazi za Bach za kinanda zilimshinda kuzielewa. Vile vitangulizi vya nyimbo za kanisa, alilalamika, vina mageuko yasiyo na mantiki: sauti zinapanda ghafla, zinaanguka, zinakimbia, zinasita, na hakuna kanuni ya muziki inayoeleza kwa nini. Jibu la mwanafunzi lilikuwa sahili. Mantiki haimo katika noti. Imo katika maneno. Kila kitangulizi kimejengwa juu ya wimbo ambao Wajerumani wa zama za Bach waliujua kwa moyo, ubeti kwa ubeti. Bach hakuwa na haja ya kuyaandika maneno hayo, kwa kuwa wasikilizaji wake walikuwa nayo vichwani. Mfaransa wa Kikatoliki hakuwa nayo. Schweitzer akaanza kuyatafsiri kwa Kifaransa papo hapo, wimbo mmoja baada ya mwingine, kutoka kumbukumbu yake ya utotoni kanisani, na wote wawili wakazipitia kazi zile upya. Palipokuwa na fumbo pakawa na picha: maneno yanaposema kuanguka kwa Adamu, sauti za vikanyagio zinaporomoka, yanaposema malaika, noti zinapaa na kushuka. Widor mwenyewe alisimulia kisa hicho baadaye katika dibaji ya kitabu cha mwanafunzi wake, bila kuona aibu kwamba ni mwalimu aliyefundishwa.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tunaifahamu hali hii kutoka upande wa pili. Shairi au utenzi ulio kwenye karatasi umepoteza mahadhi yake, na anayeuhakiki bila kuyajua mahadhi huona nusu tu ya kazi. Widor alikuwa na mahadhi bila maneno.

Alichoombwa Schweitzer ni makala fupi kuhusu nyimbo hizo kwa ajili ya wanafunzi wa Paris. Makala yakavimba. Alibahatika kununua kwa bei nafuu, mark 200, mkusanyiko mzima wa kazi za Bach kutoka kwa mama mmoja wa Paris aliyetaka kupata nafasi kwenye rafu zake. Mnamo mwaka wa 1905 kikatokea kitabu cha Kifaransa chenye kurasa 455, kinachomwita Bach mwanamuziki aliye mshairi. Walipomwomba toleo la Kijerumani alijaribu kujitafsiri, akashindwa, akaandika upya kabisa. Kitabu cha mwaka wa 1908 kikawa na kurasa 844. Baadaye alieleza tofauti aliyoiona kati ya lugha hizo mbili: Kifaransa kilikuwa kwake kama kutembea kwenye njia zilizotunzwa za bustani, Kijerumani kama kuzurura katika msitu mzuri. Alizimudu zote mbili tangu utotoni, lakini alishikilia kuwa mtu huwa na lugha ya mama moja tu, na yake ilikuwa Kijerumani. Wanaofundisha tafsiri hapa kwetu wana la kujadili hapo.

Miaka hiyo ya 1905 hadi 1913 ndiyo iliyokuwa kilele cha kwanza cha maisha yake ya muziki. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Bach cha Paris mwaka wa 1905, pamoja na Widor, Gabriel Fauré, Paul Dukas na wengine, akawa mpiga kinanda wa chama hicho. Alisafiri hadi Barcelona kupiga katika matamasha ya Bach ya kwaya ya Orfeó Català. Mwaka wa 1906 alichapisha kijitabu kuhusu ujenzi wa vinanda nchini Ujerumani na Ufaransa, kilichowaudhi mafundi wengi. Alidai kwamba viwanda vilikuwa vikitoa vinanda vya makelele na upepo mkali, huku vile vya zamani, vyenye sauti pevu na inayosikika noti kwa noti, vikibomolewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Katika mkutano wa kimataifa wa muziki uliofanyika Vienna mwaka wa 1909, yeye na wenzake walitunga kanuni za ujenzi wa vinanda. Kinanda cha kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Strasbourg, kilichojengwa na Johann Andreas Silbermann mwaka wa 1741, ni kimojawapo cha vile alivyovipigania. Katika kanisa hilo alianzisha desturi ya kupiga kazi za Bach kila tarehe 28 Julai, siku aliyofariki mtunzi huyo.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Tangu mwaka wa 1896 alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba ataishi kwa ajili ya elimu na sanaa hadi afike miaka thelathini, kisha awatumikie watu moja kwa moja. Mwaka wa 1904 alisoma katika jarida la Misheni ya Paris habari za uhaba wa watumishi nchini Gabon. Tarehe 13 Oktoba mwaka wa 1905 alitia kwenye sanduku la posta mjini Paris barua za kuwaarifu jamaa na marafiki kwamba atasomea utabibu na kwenda Afrika. Widor alimfokea, akimfananisha na jemadari anayetaka kushika bunduki na kupigana mstari wa mbele. Schweitzer hakuyumba. Alikuwa tayari daktari wa falsafa, mhadhiri wa theolojia na mhubiri. Akaketi tena darasani na vijana. Ada ya mtihani wake wa mwisho aliipata kwa kupiga kinanda mjini Munich mwaka wa 1911, katika tamasha la muziki wa Kifaransa. Mwaka wa 1912 alimwoa Helene Bresslau, aliyekuwa amejifunza uuguzi ili wafanye kazi pamoja.

Misheni yenyewe ilimwogopa kwa sababu ya maandishi yake ya theolojia. Alikubaliwa kwa sharti kwamba atatibu tu, wala hatahubiri.

Wanandoa hao walipanda meli karibu na Bordeaux mwezi wa Machi mwaka wa 1913, wakawasili Lambaréné, kando ya mto Ogooué, tarehe 16 Aprili. Miongoni mwa mizigo iliyowafuata palikuwa na piano iliyotengenezwa makusudi kuhimili joto na unyevu wa tropiki, ikiwa na vikanyagio kama vya kinanda cha kanisa. Ilikuwa zawadi ya Chama cha Bach cha Paris. Ilisafiri ndani ya kasha lililowambwa zinki, kisha ikavushwa mtoni kwa mtumbwi mkubwa uliochongwa kwa gogo moja.

Kwanza Schweitzer alidhani ameuaga usanii. Aliona ni heri aache vidole na miguu vipate kutu, kuliko kuishi akiyatamani yaliyopita. Usiku mmoja, akipiga Bach kwa huzuni, akatambua kwamba hapa, mbali na matangazo na ratiba za matamasha, ndipo angeweza kujifunza kwa kina kuliko popote. Akaamua kuzipitia kazi za Bach, Mendelssohn, Widor, César Franck na Max Reger, moja baada ya nyingine, hadi aijue kila noti kwa moyo, hata kama kipande kimoja kitamla wiki au miezi. Ratiba yake ikawa hiyo: mchana wagonjwa, usiku vikanyagio.

Na wagonjwa walikuwa wengi. Katika miezi tisa ya mwanzo aliwahudumia takribani 2,000, akianzia kwenye banda lililokuwa la kuku. Walikuja na malale, ukoma, malaria, vidonda na ngiri. Wagaloa walimwita Oganga. Mwanafunzi wa isimu linganishi hahitaji kamusi kulitambua neno hilo: ni ndugu wa mganga wetu, shina lilelile la Kibantu lililoenea kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lile pengo la pili. Mtu aliyemfunza Widor kwamba muziki wa Bach haufahamiki bila maneno yake aliishi Lambaréné, kwa vipindi, zaidi ya nusu karne tangu afike hadi afe, asijifunze lugha ya wagonjwa wake, iwe Kigaloa au Kifang. Alifanya kazi kwa Kifaransa na kwa wakalimani. Wa kwanza na mashuhuri kati yao alikuwa Joseph Azoawani, aliyewahi kuwa mpishi, na aliyejua lugha kadhaa za eneo hilo. Azoawani alivitaja viungo vya mwili kwa Kifaransa cha jikoni: mgonjwa mwenye maumivu ya paja alielezwa kana kwamba ni nyama ya mguu wa kondoo. Schweitzer alikisimulia kisa hicho kwa kuchekesha, na wasomaji wa Ulaya walicheka. Sisi tunajiuliza ni nani hasa aliyestahili kuchekwa: yule aliyevuka daraja la lugha nne au tano kwa msamiati wa sufuria, au yule aliyekaa upande wake akingoja aletewe? Baadaye alipoachiwa ahubiri, mahubiri yake ya Jumapili yalikwenda sentensi moja moja, mkalimani mmoja akiyageuza kwa Kigaloa na mwingine kwa Kifang. Hatukatai kwamba kazi ilimzidi nguvu. Lakini huyuhuyu alipata nafasi ya kukariri Reger noti kwa noti usiku. Muda haukuwa sababu. Sababu ilikuwa mahali alipouelekeza moyo wake wa kujifunza.

Vita vya 1914 vilimkuta akiwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa. Aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani mwake, na mwaka wa 1917 yeye na mkewe wakasafirishwa hadi Ufaransa na kufungiwa katika kambi ya Garaison, milimani Pyrenees, kisha Saint-Rémy-de-Provence. Hapakuwa na kinanda. Basi aliifanya meza kuwa vibonyezo na sakafu kuwa vikanyagio, akazipitia kazi za Bach kimyakimya, kama alivyokuwa akicheza utotoni. Waliachiliwa mwaka wa 1918, afya zao zikiwa zimedhoofika. Binti yao Rhena alizaliwa tarehe 14 Januari mwaka wa 1919, siku ya kuzaliwa ya babake. Alsace ikarudi mikononi mwa Ufaransa, na Schweitzer akawa Mfaransa. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, madeni ya hospitali aliyokuwa ameiacha, na dhana kwamba ulimwengu umemsahau.

Aliyemwinua ni Askofu Mkuu Nathan Söderblom wa Uppsala, aliyemwalika Sweden kutoa mihadhara mwaka wa 1920. Schweitzer alipomweleza kuhusu madeni, Söderblom alimshauri azunguke nchini akipiga kinanda na kuzungumza juu ya Lambaréné. Katika muda wa wiki chache tu alikuwa amechuma fedha za kulipia madeni yaliyombana zaidi. Ndipo akaona kwamba anaweza kurudi Afrika bila kumtegemea mtu. Miaka iliyofuata alizunguka Uswisi, Uingereza, Denmark na Chekoslovakia, mchana akihutubu, jioni akipiga kinanda, na mwaka wa 1924 akarejea Lambaréné. Hospitali ya zamani ilikuwa imemezwa na msitu. Alijenga upya, na mwaka wa 1927 akaihamishia mahali pakubwa zaidi, kilomita chache kutoka pale pa awali.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya kwenda na kurudi. Kila aliporudi Ulaya alikuwa na orodha ya miji. Alisafiri katika behewa la daraja la tatu, akawahi mapema kwenye kanisa la mwenyeji, akajifungia humo saa nyingi akikijaribu kinanda, kishikio kwa kishikio, hadi ajue kipi kinafaa kumsemea Bach na kipi kipumzishwe. Programu zake hazikuwa za kuwastaajabisha watu kwa kasi. Alipiga taratibu, akisisitiza kila sauti isikike peke yake. Wapo waliomwona mzito kupita kiasi hata zama zake, na masikio ya leo, yaliyozoea Bach mwepesi na wa haraka, humwona mzito zaidi. Ukisikiliza huku ukiwa na maneno ya nyimbo zile mkononi, hata hivyo, utaelewa kwamba alikuwa akisoma shairi kwa sauti.

Ushahidi upo kwenye sahani za santuri. Mwishoni mwa mwaka wa 1935 alirekodi kazi za Bach katika kanisa la All Hallows mjini London, kando ya mto Thames, na mwaka wa 1936 katika kanisa la Sainte-Aurélie mjini Strasbourg. Kanisa lile la London liliteketezwa kwa mabomu mwaka wa 1940 pamoja na kinanda chake. Sauti yake imebaki katika sahani hizo. Alirekodi tena katika miaka ya 1951 na 1952, safari hii kwenye kinanda cha kijiji cha Günsbach, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini na sita. Vidole vinasita mahali fulani. Hakuficha.

Vita vya pili vilimfungia Lambaréné kuanzia 1939 hadi 1948, na ile piano ya vikanyagio ikawa ndiyo ukumbi wake wa pekee. Kisha zikaja tuzo. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1952, iliyotangazwa mwaka wa 1953, na fedha zake akazitia katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Tarehe 28 Julai 1954 alipiga Bach katika kanisa la Mtakatifu Thomas kama alivyofanya zamani. Mwaka wa 1957 ujumbe wake ulisomwa kupitia redio ya Oslo, si kuhusu muziki, bali ukipinga majaribio ya silaha za nyuklia.

Sifa hizo zilipozidi, na lawama zikazidi. Wageni waliofika katika miaka ya hamsini na sitini waliona hospitali isiyobadilika, ambapo wagonjwa walilala na jamaa zao, mbuzi na kuku wakipita katikati, na ambapo umeme ulikuwa haba. Upande mmoja utaratibu huo ulikuwa na busara yake: mgonjwa aliyetoka mbali hakukatwa kutoka kwa watu wake na chakula chake. Upande mwingine, miaka ilipita bila Schweitzer kuwaandaa madaktari Waafrika wa kuishika kazi, na hakuwa na imani na uhuru uliokuwa ukija. Mtengenezaji filamu wa Kameruni, Bassek ba Kobhio, alimchambua katika filamu yake ya mwaka wa 1995 kuhusu Mzungu mkuu wa Lambaréné, akimwonyesha kwa macho ya Waafrika waliomzunguka. Ni filamu inayofaa kutazamwa baada ya kusoma maandishi ya Schweitzer mwenyewe, maana ndani ya maandishi hayo Waafrika wanaonekana kila ukurasa, lakini ni nadra wasikike.

Gabon ilipata uhuru tarehe 17 Agosti 1960. Schweitzer alibaki. Helene alikuwa amefariki Zurich mwaka wa 1957, na majivu yake yalizikwa Lambaréné. Jioni nyingi, daktari mzee aliendelea kuketi kwenye piano yake baada ya kazi, taa ya mafuta ikiwaka. Alifariki tarehe 4 Septemba mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka tisini, akazikwa kando ya mto karibu na mkewe. Rhena, binti yake, aliushika usimamizi wa hospitali. Mwaka wa 1981 ilianzishwa hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya tropiki, na watafiti Waafrika, wakiwemo Wagabon, wamekuwa miongoni mwa wanaochunguza malaria katika mji ambao yeye aliutibu kupitia wakalimani.